Neno Lililotoka Shimoni

Mpendwa Mama Wambua,

Mvua imenyesha Ikutha. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari ya mtoto na kabla ya habari ya mbuzi. Imenyesha ile ya kutulia, isiyokimbia na udongo. Silanga yetu, lile bwawa la kuchimba, imejaa hadi ukingoni, na jana asubuhi vyura wakatoka. Nilisimama pale na gambuti zangu nikiwasikiliza wakinguruma kama ndama wanaoitana, nikajikuta nikilitamka neno lako kwa sauti. Aestivate. Bado nalitamka vibaya. Hakuna aliyebaki wa kunirekebisha kwa upole, maana mtoto wako hurekebisha bila upole.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kikamba chetu kilikuwa cha kuongea, cha jikoni na cha mto mmoja wa kulalia, na kukiandika kunanitia haya. Kiingereza kilikuwa chako. Kiswahili ndicho tulichokutania, siku ile ulipofika huku kufundisha ukitokea upande wa Makueni, ukasimama barabarani na sanduku lako ukiniuliza njia ya shule. Nilidhani wewe ni mgeni wa mbali, nikajitahidi na Kiswahili sanifu mpaka jasho likanitoka. Ulinisikiliza hadi mwisho, kisha ukanishukuru kwa Kikamba.

Barua hii naiacha wazi. Naiacha wazi ili binti yetu Mwikali aisome, na wale wanafunzi wako waliokuita Madam Aestivate bila kujua jina hilo lilitoka wapi. Uliwafundisha maana ya neno. Hukuwaambia ulilipataje, na mimi nadhani sasa wanaweza kuambiwa.

Lilitoka shimoni. Mimi mwenyewe nilikuwepo na sururu mkononi.

Wambua wetu alizaliwa mvua zikianza, tukampa jina la baba yangu, ambalo ni jina la mtu wa mvua, na tukaona limempata mwenyewe. Alituacha kabla hajajua kukaa. Ilikuwa homa ya mapafu. Tulimkimbiza hospitali, walifanya walivyoweza, tukarudi naye ndani ya shuka yako ya maua. Sitaandika zaidi ya hapo. Wewe unajua, na wengine watanisamehe.

Watu walikuja wakalia. Wewe hukulia. Ulinyamaza. Shuleni ulifundisha, wenzako waliniambia hivyo. Ulisema yaliyokuwa lazima yasemwe. Lakini ukifika nyumbani uliyaacha maneno mlangoni pamoja na viatu. Ulipika, ulifua, ulilala ukiangalia ukuta. Mchungaji alikuja akaomba, ukasema amina, na hiyo amina ikawa neno lako la wiki nzima.

Kitu kimoja niliona lakini sikujua nikitengenezeje. Watu walikuwa hawajui wakuiteje. Zamani kidogo tu walikuwa wakikupigia kelele kutoka ng'ambo ya kijito, Mama Wambua, Mama Wambua, umeamkaje. Sasa walikuita Mwalimu, au Dada, wakilizunguka jina lako kama mtu anavyolizunguka shimo njiani. Hata mimi. Nilikuwa nakuita "wewe." Nawe hukuniita chochote.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikali. Mchanga wa kijito ulichimbwa mpaka mtu akawa anaingia mzima kuchota maji, na punda walisimama foleni kama watu. Mimi ni mchimbaji, unanijua. Nimechimba visima vya watu toka Mutomo hadi Kibwezi, na nikipatwa na shida yoyote mikono yangu hutafuta jembe yenyewe. Basi nikamwita ndugu yangu Kimanzi, tukaanza kuchimba silanga chini ya boma letu, pale bondeni penye udongo mweusi, tukisema mvua ikija itatukuta tayari. Ukweli ni kwamba sikuwa nafikiria mvua. Nilikuwa sitaki kukaa ndani ya ile nyumba yenye kimya.

Udongo ule ukikauka ni saruji. Tulikuwa tumefika kimo cha kifua siku Kimanzi alipopiga bonge moja likapasuka, na ndani yake kikabingirika kitu cha ukubwa wa ngumi mbili. Kilikuwa kimevikwa ngozi kavu, nyembamba, rangi ya karatasi ya kaki, imekizunguka chote. Hakikuwa na macho wala mdomo.

"Ni kiazi kilichooza," Kimanzi akasema. Akakigeuza kwa ncha ya kiatu, kisha akarudi nyuma. "Hapana. Hiki kina miguu. Kitupe, ndugu yangu. Hiki kimezikwa na mtu."

Alimaanisha uchawi, na simlaumu. Pale chini, ndani ya ardhi ambayo hata sururu ilikuwa inaiomba ruhusa, hakukuwa na njia ya kitu chenye miguu kufika.

Sijui kwa nini nilikitia kwenye karai nikapanda nacho hadi nyumbani. Pengine ni kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kukuletea. Ulikuwa umekaa kibarazani na kigoda chako, mikono mapajani. Nikaweka karai mbele yako. Kimanzi alikuja nyuma yangu akiwa bado ameshika sururu, kama kwamba kile kitu kingetukimbiza.

"Shemeji, mwambie akitupe," akasema.

Uliinama. Ukakiangalia kwa muda mrefu. Kisha ukasema, "Msikitupe," na sauti yako ilitoka na kutu, kama mlango wa ghala.

Uliingia ndani ukatoka na kikombe cha maji. Kimanzi akaniangalia. "Ya kunywa?" akauliza. Ulikuwa umeshayamwaga, polepole, juu ya ile ngozi.

Hakuna kilichotokea. Ukaongeza. Tukakaa. Jua lilisogea hadi kivuli cha nyumba kikalifikia karai, na wewe hukuondoa macho. Ngozi ilianza kulainika, ikawa kama ukoko wa uji. Halafu pale chini ya kilichokuwa kidevu pakacheza kidogo. Nilidhani ni macho yangu. Pakacheza tena.

"Kinapumua," ukasema.

Mama Wambua, mimi nimeona mambo mengi ardhini. Nimekuta mifupa, nimekuta mawe yenye umbo la samaki, nimekuta maji mahali ambapo wenye mashine walisema hayapo. Sijawahi kuona kitu kama cha saa ile. Jicho moja lilifunguka, la rangi ya dhahabu, likatuangalia sisi watatu kama kwamba sisi ndio tuliotoka shimoni. Kisha akajitikisa, maana sasa hakikuwa kitu tena, alikuwa chura, mkubwa, mwenye tumbo la manjano. Akaishika ile ngozi kavu kwa mikono yake ya mbele, akaivuta kichwani kama mtu anayevua sweta, akaitia mdomoni akaila. Aliila yote.

Kimanzi alisogea. Woga ulikuwa umemtoka, sasa ni udadisi. Akapeleka kidole. Chura akakiuma na kukishikilia, na Kimanzi, mtu mzima mwenye ndevu, akaanza kuzunguka uani akirusha mkono na chura akining'inia.

Ulicheka. Kicheko kilikushtua wewe mwenyewe. Ulijiziba mdomo kwa viganja viwili. Na nyuma ya kicheko, kwa mlango huohuo, kilio kikatoka. Ulilia kile kilio ambacho hukulia siku ya mazishi, na mimi nilikaa chini kwenye vumbi karibu yako nisijue pa kuweka mikono.

Ulipotulia ukaniita. "Baba Wambua."

"Naam."

"Niite jina langu."

Nikauliza lipi, kwa kuogopa kukosea.

"La mtoto wangu. Watu wote wameniondolea. Kila mnapoacha kulitaja, mnamzika tena."

Nikakuita. Mama Wambua. Nikalirudia. Kimanzi, ambaye alikuwa amemrudisha chura kwenye karai na kufunga kidole chake kwa leso, alivua kofia, naye akakuita hivyohivyo, taratibu, kama mtu anayesoma aya kanisani. Toka siku hiyo hakuna jirani aliyelikwepa tena, kwa sababu wewe mwenyewe ulipita boma kwa boma ukiwaambia.

Chura tulimchimbia shimo lake kando ya silanga, tukamrudishia udongo uliolowa kidogo. Wewe ndiwe uliyemfunika.

Siku iliyofuata ulimwuliza mwalimu wa biolojia pale shuleni. Bwana Musyoka alikupa kwanza neno hibernate, ukamwambia hilo ni la kulala baridi, na huku kwetu hakuna baridi ya kumlaza mtu. Alifikiri kidogo, akasema kuna jingine, halitumiki sana, analikumbuka kutoka chuoni. Akaliandika ubaoni. Ulikuja nalo mbio. Ulilitamka ukiwa bado mlangoni, kabla ya kunisalimia.

"Ni kulala kiangazi," ukaniambia. "Kujifungia ndani ya ardhi, moyo unapiga polepole sana, mpaka mvua. Baba Wambua, kuna neno lake! Kuna mtu aliona kitu tulichokiona, akaona hawezi kukiacha bila jina."

Halafu ukasumbuka. Kamusi ya shule ilikuwa ndogo, ilisema tu kwamba limetoka Kilatini, ikafunga mdomo. Hilo halikukutosha. Ulikuwa unatembea jikoni na mwiko mkononi ukiniuliza mimi, mtu wa darasa la nane, maswali ambayo hata maprofesa wangekuomba muda. Wazungu kwao wanaogopa baridi. Nani aliwaambia kwamba jua nalo linaweza kumfungia kiumbe chini ya ardhi?

Ndipo tukaenda Makindu. Ulikuwa umesikia kuna duka linauza vitabu vikuukuu karibu na watengeneza magurudumu. Niliazima pikipiki ya Kimanzi, tukashuka hadi Athi, tukavuka daraja, tukapita Kibwezi, tukaingia barabara kuu ya Mombasa, wewe nyuma umenishika kiuno, malori yakitupita na kutupiga vumbi. Na kweli, chini ya rundo la vitabu vya mitihani, palikuwa na kamusi nene isiyo na jalada. Uliibeba kifuani kama mtoto. Samahani, lakini ndivyo ulivyoibeba, na nilipoona hivyo niligeuka nikajifanya naangalia magurudumu.

Tulikuwa na njaa. Tukaenda pale kwenye hekalu la Masingasinga ambapo msafiri yeyote hulishwa bila kuulizwa kabila wala dini. Tulivua viatu, tukafunika vichwa kwa vitambaa walivyotupa, tukala dengu na chapati na wali wa maziwa. Tulipomaliza tukatoka nje, tukakaa kwenye benchi la saruji penye kivuli cha ukuta, na hapo ukaifungua.

Uliweka kidole. "Aestivare," ukasoma. "Kilatini. Kupitisha kiangazi mahali. Warumi walilisema juu ya watu, na juu ya mifugo inayohamishiwa milimani joto likizidi."

"Mifugo?" nikauliza. "Si vyura?"

"Vyura walikuja baadaye. Mwanzoni walikuwa wachungaji."

Niliwaona kabisa. Niliona watu wa zamani sana, wa nchi nisiyoijua, wakiswaga mbuzi wao kuelekea penye majani, kama babu yangu alivyokuwa akihamisha ng'ombe hadi pembeni ya Tsavo malisho yakiisha. Nikashangaa kwamba walikuwa na neno la shida yetu.

Ukaendelea. Nyuma ya neno hilo kulikuwa na lingine, aestas, majira ya joto. Nyuma yake aestus, ambalo ni joto, na kuchemka, na pia maji ya bahari yanapofura na kupanda. Kutoka hilo la bahari, Waingereza walipata estuary, mdomo wa mto, pale ambapo mto unashuka na bahari inausukuma urudi.

Halafu ulifika kurasa za mwisho, zile za mizizi, ambako maneno yanafuatwa mpaka mahali ambapo hakuna maandishi tena, ni wataalamu wanakisia tu. Huko chini kabisa kulikuwa na mzizi mmoja. Maana yake ni kuwaka. Ulisoma kimya, midomo ikicheza, na nikaona vinyweleo vya mkono wako vimesimama.

"Nini?" nikauliza.

"Kwa mzizi huohuo Warumi walipata aedes. Mwanzo ilikuwa meko, mahali pa moto. Halafu ikawa nyumba, kwa sababu nyumba ni pale penye meko. Halafu nyumba ya ibada. Ndiyo maana Waingereza jengo kubwa wanaliita edifice." Ukageuza ukurasa. "Na Wagiriki kwa mzizi huohuo walipata kuunguza. Wakaunganisha na uso. Wakapata Ethiopia. Nchi ya watu walioungua nyuso kwa jua. Sisi, Baba Wambua. Kabla halijawa jina la nchi moja lilikuwa jina la watu weusi wote wa upande huu."

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. "Kwa hivyo yule chura wetu, na nyumba, na mdomo wa mto, na mimi na wewe, tuna ukoo mmoja?"

"Watoto wa moto mmoja," ukasema.

Nikakuuliza na Kiswahili je. Ulifikiri. Ukasema kiangazi kimetoka kwenye mwanga, kuangaza. Wale waliona moto, watu wa Kiswahili wakaona mwanga. Ni jua lilelile. "Na Kikamba?" nikauliza. "Thano?"

Hapo ukafunga kamusi. "Thano sijui," ukasema. "Hakuna aliyetuandikia." Nililiona jambo hilo likikuuma. Kwa miaka yote iliyofuata ulikuwa ukikutana na mama mzee sokoni, unamsaidia kubeba kapu, na unamwuliza thano ilizaliwa na neno gani. Walikucheka. Hukupata jibu, na hukuacha kuuliza.

Tulipokuwa tunarudi ulinigonga bega pale darajani. Nikasimamisha. Ulishuka ukaenda ukingoni ukaangalia Athi, ambayo hata kiangazi kile ilikuwa bado na maji ya rangi ya chai yakipita katikati ya mawe.

"Haya yanapita Tsavo yanabadilishwa jina," ukasema. "Halafu yanabadilishwa tena. Halafu yanafika baharini, yanakutana na lile neno lingine, la mdomo wa mto."

Mimi nilikuwa nimelivuka daraja lile tangu ujana wangu. Siku hiyo niliogopa kidogo kulivuka. Nilihisi kwamba kila kitu nilichokuwa nakikanyaga kilikuwa na jina chini ya jina, na chini yake moto, na kwamba nimeoa mwanamke anayeweza kuusikia.

Mvua ilikuja. Tulikuwa tunakunywa chai asubuhi tuliposikia ngurumo isiyo ya mawinguni. Ulitoka bila viatu. Pale kando ya silanga udongo ulikuwa unatikisika, unapasuka, na vyura walikuwa wanatoka, yule wetu na wengine ambao hatukuwa tumewajua, kwenye kila hatua, mahali ambapo tulikuwa tumetembea kiangazi kizima tukisema hakuna uhai. Ulisimama katikati yao maji yakikushuka usoni. Hukusema neno, hata lile. Nami nikaona kuna mambo hata neno lenye ukoo mkubwa namna ile husimama pembeni yakipita.

Mwikali alizaliwa baadaye, tukampa jina la mama yangu. Wewe ukazeeka kidogo, ukanenepa kidogo, ukafundisha watoto wa watu. Kila mwaka kiangazi kilipofika uliliandika neno ubaoni, na wasichana wakarudi makwao wakiwaambia mama zao kwamba nyumba na jua ni ndugu. Nakutana nao mpaka Mtito Andei, mmoja anapika kwenye hoteli ya madereva, mwingine anauza dawa. Wakiniona wanaanza na hilo.

Kisha ukaugua. Saratani ya titi, na ilikuwa imeshatembea. Mwisho mwisho ulikuwa unalala sana, mchana kutwa, uso umekauka, na mimi nilikaa kando ya kitanda nikikuchovya midomo kwa pamba yenye maji. Nikakuambia siku moja, kwa kukutania, kwamba unaestiveti tu, mvua ikija utaamka. Ulifungua jicho. Ulitabasamu kwa upande mmoja. "Umelitamka vibaya," ukasema.

Hukusema ndiyo wala hapana, nami nikalishikilia. Kanisani walisema umelala katika Bwana. Nikalishikilia hilo pia, nikayafunga pamoja. Mwaka mzima nimeishi hivyo, Mama Wambua. Nimekula, nimechimba, nimempeleka mtoto shule, na pembeni ya moyo nimekuwa kama mtu aliyeacha taa ya kibarazani ikiwaka.

Ndiyo sababu jana, vyura walipotoka, sikuweza kuondoka pale silanga. Nilisimama mpaka mvua ikakatika na jua likatoka. Mwikali, ambaye yuko nyumbani kwa likizo, alikuja na mwavuli uliovunjika ubavu.

"Baba, unangoja nini?"

"Naangalia vyura."

Akasimama kando yangu. Amekuwa mrefu, amenipita bega. Akaniangalia mimi, hakuwaangalia vyura.

"Unamngoja Mama," akasema.

Nikageuza uso kwenye maji. Angekuwa mtoto mwingine angeniacha na kimya changu. Huyu ni wako.

"Baba, nimesoma hayo mambo. Chura akiwa kule chini, moyo wake unapiga. Polepole, lakini unapiga. Hakuna siku hata moja aliyokuwa amekufa. Neno hilo ni la walio hai." Akauhamishia mwavuli mkono wa pili. "Mama alikufa. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika mkono wake. Nilisikia mapigo yakisimama."

Mimi sikuwepo ndani dakika ile, nilikuwa nimetoka kuchota maji. Hakuwa amewahi kuniambia. Alikuwa na hilo kifuani peke yake tangu siku ile, akinisubiri nimalize kungoja ili naye apate mtu wa kulia naye. Nilimshika. Tulilia pale matopeni, mimi na yeye, vyura wakinguruma pande zote bila habari na sisi, na mwavuli ulikuwa umeanguka kwenye maji ukielea kama bakuli.

Baadaye, tukiwa jikoni tumejifunika shuka, aliniuliza kwa nini tulikwenda Makindu. Ulikuwa umemtajia tu, hukumsimulia safari yenyewe. Nikamsimulia yote: karai, kidole cha Kimanzi, kamusi isiyo na jalada, daraja. Alisikiliza bila kunikatiza hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilipofika kwenye meko kuwa nyumba, aliangalia moto wetu wa kuni, akaangalia kuta, akasema polepole, "Kwa hivyo walianza na hapa."

Nilifikiri juu ya neno lile, jinsi lilivyotoka midomoni mwa watu wa kale waliokaa wakiota moto, likapita kwa wachungaji wa Kirumi, likapita kwa wasomi wa vyura, likafika ubaoni kwa Bwana Musyoka, likaingia mlangoni kwangu mdomoni mwako, na sasa liko kwa msichana aliyekaa Ikutha akikausha nywele. Hakuna mmoja kati ya hao aliyejua angempa nani. Wengi wao walikufa kama wewe ulivyokufa, kabisa kabisa, na bado kazi ya midomo yao ilikuwa inatembea jikoni kwetu. Sijui niliite jambo hilo nini. Wewe ungejua kuna neno, na ungetoka na pikipiki kulitafuta.

Nimekubali sasa. Sitakuambia ulale salama, maana mtoto wako hataniruhusu. Nakuambia kwaheri, ile ya kweli, ambayo sikukuambia kwa kuwa nilikuwa nje na ndoo. Asante kwa miaka uliyonipa. Asante kwa kunifundisha kuogopa daraja. Mwambie Wambua, kama huko kuna kuambiana, kwamba jina lake linatajwa hapa kila siku.

Kesho asubuhi tunapanda ndengu. Mwikali ameniambia nishike jembe tu, mbegu atatia yeye, kwa sababu mimi huzitia chini mno kama mtu anayechimba kisima, na hazioti. Nimemwachia.

Kwaheri, mpenzi.

Mume wako, baba wa watoto wako